Kabla ya kuongeza kuku, punguza vifo vya vifaranga

Mfugaji mdogo wa kuku wa kienyeji akitaka kupanua mradi, wazo la kwanza huwa ni kununua matetea zaidi. Mimi humuuliza kwanza: kati ya vifaranga walioanguliwa mara ya mwisho, wangapi walifika wiki ya nane? Wengi hawana jibu. Kuku wanaozurura na kujitafutia chakula hupoteza vifaranga wengi katika wiki za mwanzo kabisa, kwa baridi, mvua, mwewe na njaa. Kama tetea anaangua kumi na kubakiza wawili, kumwongezea wenzake ishirini ni kuongeza vifo tu.

Kwangu, hatua iliyobadilisha hesabu ni kuwafungia vifaranga ndani wiki nne za mwanzo. Wanakaa kwenye kizimba chenye maranda makavu, maji safi na chakula chao wenyewe ambacho kuku wakubwa hawakifikii. Joto la wiki ya kwanza liwe kati ya nyuzi 32 na 35 za Selsiasi, kisha punguza kama nyuzi 3 kila wiki. Hata bila kipimajoto, vifaranga wenyewe watakuambia. Wakirundikana, wanahisi baridi. Wakikimbilia pembeni huku wanahema midomo wazi, joto limezidi. Wakitawanyika na kula, waache walivyo. Maranda yakilowa yaondoe siku hiyo hiyo, kwa sababu unyevu ndio unaoikuza kuhara damu. Na tetea aliyepumzishwa malezi mapema hurudi kutaga mapema, badala ya kuzunguka na watoto kwa miezi miwili au zaidi.

Halafu kuna ugonjwa wa mdondo, ambao wengine huuita kideri. Hauna tiba, na ukiingia kwenye kundi lisilochanjwa unaweza kulimaliza karibu lote kwa siku chache. Chanjo ya I-2 inayostahimili joto imetengenezwa kwa kuwafikiria wafugaji wa aina yetu: tone moja jichoni, kwa kuku wa umri wowote, na kurudia kila miezi mitatu au minne. Chanja kuku wakiwa wazima, mapema kabla ya msimu ambao ugonjwa huzoea kuja, maana kinga huchukua kama wiki mbili kujengeka. Kinachowakatisha wengi tamaa ni kwamba kichupa kimoja kinatosha kuku wengi kuliko alionao mtu mmoja, na kikishafunguliwa hakikai. Basi kubalianeni na majirani siku moja, mchange, mchanje banda kwa banda. Mimi naona huo ndio ushirika wenye faida kuliko mwingine wowote katika ufugaji huu.

Kuku mgeni akae peke yake wiki mbili au zaidi, mbali na wenzake, na umhudumie wa mwisho kila siku. Hapa nasisitiza sana: kuku wako mwenyewe aliyepelekwa sokoni akarudi bila kununuliwa naye ni mgeni. Ameshinda kutwa na kuku wa kila mahali, na jioni anarudishwa kulala na kundi lako.

Banda la kulala halihitaji gharama kubwa. Lipitishe hewa, lisivuje, liwe na vichanja, na kuku wasizidi watano kwa kila mita moja ya mraba. Usiku pita na tochi ukague utitiri kwenye nyufa za mbao.

Nunua daftari. Andika mayai yaliyotagwa, yaliyoatamiwa, yaliyoanguliwa siku ya 21, vifo na tarehe za chanjo. Baada ya misimu michache utajua tetea yupi anaangua vizuri, na mbegu utachukua kwake. Jogoo mmoja anatosha matetea wanane hadi kumi. Mbadilishe kabla hajaanza kupanda binti zake.

Daftari hilo hilo litunze rekodi ya dawa. Kuku aliyepewa antibayotiki, yeye na mayai yake wasiuzwe wala kuliwa nyumbani mpaka siku zilizoandikwa kwenye lebo ziishe. Mnunuzi akiuliza, mfungulie ukurasa aone tarehe.