Jibu: Je, mchuchumio bado unavaliwa kila siku?

Habari dada. Umeuliza kama wanawake bado wanavaa viatu vya mchuchumio kazini kila siku au umebaki peke yako, maana vyako vinakuchoma vidole kabla hata ya saa sita mchana.

Wapo wanaovaa, ila wengi ninaofanya nao kazi wanavivaa siku ya mkutano au sherehe tu. Mimi nilivivaa kila siku kwa miaka 9. Sasa vinakaa chini ya meza, natembea na viatu bapa, na hakuna aliyewahi kuniuliza.

Kabla hujavigawa, anza na upana. Jioni, miguu ikiwa imetanuka, simama peku juu ya karatasi, mtu akuchoree unyayo, kisha weka kiatu juu ya mchoro. Mimi mstari ulitokeza pande zote mbili karibu na kidole gumba. Kumbe miaka yote nilikuwa nalaumu kisigino! Baada ya hapo pima urefu wa kisigino cha kiatu kwa rula. Kikizidi sentimita 5 hivi, uzito unaangukia mbele na vidole ndivyo vinavyobeba. Kisigino kinene kinakupa utulivu, lakini mteremko ni uleule.

Kama ni bosi anayelazimisha, muulize sharti hilo limeandikwa wapi. British Columbia, Kanada, walipiga marufuku kulazimisha hivyo mwaka 2017.

Ganzi ikibaki hata ukivua, usisubiri majibu ya hapa, nenda kwa daktari.