Kitabu cha nne kinatoka lini? Acheni kukodolea macho posti za mwandishi, mfuatilieni mchoraji

Mkuu, umeuliza kama uamini kwamba kitabu cha nne cha mfululizo wa vitabu vya picha vya watoto mnaoufuatilia kinatoka mwisho wa mwaka huu, na ushahidi uliowekwa ni viwili tu, picha ya daftari aliyopost mwandishi, na duka moja la mtandaoni kuandika 31 Desemba. Kwa kifupi hiyo tarehe itupe. Kwa kirefu ngoja nielezee, maana mimi ni shabiki wa siku nyingi wa vitabu vya watoto (ndio, mtu mzima, msinicheke) na kuna kipindi nilikuwa napanga kurasa za vitabu hivyo hivyo kwa mchapishaji mmoja, kwa hiyo nimekaa upande wa anayesubiri na upande wa anayejua tarehe ila hana ruhusa ya kusema.

Tarehe ya 31 Desemba ni ya kujazia. Mifumo mingi ya maduka haikubali kitabu kikae bila tarehe, sasa mtu wa data akipewa tu taarifa kwamba kuna kitu "mwaka huu au ujao" anaweka siku ya mwisho ya mwaka anaendelea na kazi zake. Ukiona 31 Desemba, au tarehe 1 Januari, jua hakuna aliyeamua chochote. Hata idadi ya kurasa icheki. Kitabu kinachapwa kwenye karatasi kubwa zinazokunjwa, ndo maana vitabu vya picha vya watoto karibu vyote vina kurasa 32, na riwaya ndefu nazo mara nyingi hesabu inagawanyika kwa 8 au 16. Ukikuta wameandika kurasa 300 kamili ujue hiyo ni namba ya kukisia, kurasa 304 kidogo inanishtua, nakaa sawa nasoma vizuri.

Halafu kuna hii habari ya ISBN, ile namba ya utambulisho ya kitabu, ambayo kila mwaka inaleta kelele. Mdau anakuja na skrinshoti, "jamani zimesajiliwa ISBN nne mpya, vitabu vinne vinakuja!!" Hapana. Jalada gumu lina ISBN yake, jalada laini yake, kitabu cha kielektroniki yake, cha kusikiliza yake. Kitabu kimoja tayari kimekula nne. Na wakibadilisha jalada kwa ajili ya maadhimisho ya miaka 10 au 20 mara nyingi wanatoa nyingine. Hapo hadithi ni ile ile uliyonayo kabatini.

Sasa tuje kwenye kitu ambacho watu hawakitazami kabisa, mchoraji. Kwenye kitabu cha picha maneno yenyewe mara nyingi hayafiki elfu moja, mwandishi anaweza kuwa alishayamaliza zamani, hata kabla wewe hujaanza kuuliza. Michoro ndo inakula muda, miezi mingi, wengine mwaka mzima. Baada ya hapo mpangaji kurasa anaingiza maandishi, mhariri anakataa kurasa tatu, mchoraji anarudia (na kununa), rangi zinapimwa, kinaenda kiwandani, na vitabu vingi vya rangi vinachapwa nchi nyingine halafu vinarudi kwa meli. Kwa hiyo kuanzia mchoro wa mwisho hadi kitabu kufika dukani hesabu miezi mingi, si wiki. Mchoraji wa mfululizo wenu mwezi uliopita bado alikuwa anaonyesha rafu za penseli, yaani michoro ya awali ya haraka haraka. Rafu! Rangi hamna. Hapo hata mwandishi apost madaftari kumi, mwisho wa mwaka huu haiwezekani, labda wabadilishe mchoraji, na mfululizo wenye sura inayojulikana haubadilishi mchoraji kirahisi. Mnamkumbuka Gruffalo, yule mnyama wa vitabu vya picha, kitabu cha kwanza 1999, cha pili 2004, maneno ya Julia Donaldson na michoro ya Axel Scheffler yote mawili. Mtoto anamtambua yule mnyama kwa sura kabla hajajua kusoma jina la mtu yeyote kwenye jalada.

Kama mwandishi anachora mwenyewe mambo yanakuwa mengine. Jeff Kinney, anayeandika na kuchora mwenyewe, alianza kutoa vitabu vya Wimpy Kid mwaka 2007 na amekuwa akitoa kwa kasi ya karibu kila mwaka, kule kubashiri tarehe sio kazi, watu wanabaki kubishania rangi ya jalada tu. Ila msichukue mwendo wa huyo mkaubandika kwa kila mtu. Philip Pullman kwenye mfululizo wake wa The Book of Dust alitoa cha kwanza 2017, cha pili 2019, basi mashabiki wakapiga hesabu ya miaka miwili miwili wakasema 2021 lazima. Cha tatu kimetoka 2025. Rowling wa Harry Potter naye, cha nne kilitoka Julai 2000, cha tano Juni 2003, na hapo katikati watu walikuwa wanatunga vichwa vya vitabu vya uongo wanavisambaza kama vimethibitishwa. Wakati huo hata jalada feki lilikuwa linahitaji mtu mwenye ujuzi, siku hizi mtu anatengeneza kwa dakika tano akiwa kitandani, kwa hiyo jalada lolote lisilotoka kwa mchapishaji mimi silitazami mara mbili.

Kuhusu dalili za kwenye posti, sisemi zote ni upuuzi. Kuna waandishi wanaocheza na wasomaji wao kwa makusudi. Kichwa cha kitabu cha saba cha Harry Potter kilitolewa Desemba 2006 kupitia mchezo wa kubahatisha herufi uliofichwa kwenye tovuti ya Rowling mwenyewe. Lemony Snicket, wa mfululizo wa A Series of Unfortunate Events, alikuwa anaweka barua kwa mhariri mwishoni mwa kitabu, humo ndani kuna vidokezo vya kitabu kinachofuata, na cha 13 kikatoka Ijumaa tarehe 13 Oktoba 2006, wala haikuwa bahati mbaya. Lakini ona tofauti, hao walikuwa na historia ya kuficha vitu, msomaji alijua kuna mchezo unachezwa. Mwandishi wenu hana tabia hiyo. Yeye akipost paka, ni paka. Penseli ya kijani kwenye ile picha ya daftari mmeikuza mpaka imekuwa "msitu, kwa hiyo wanarudi msituni", jamani, mtu kachukua penseli iliyokuwa karibu.

Na kukaa kwake kimya msikusome kama kuringa. Mara nyingi mwandishi anakuwa amekubaliana na mchapishaji kwamba tangazo litoke kwa siku waliyopanga wao, kwa sababu wanataka jalada, tarehe na linki ya kuweka oda vitoke pamoja, ukichangamka unataka kununua ununue hapo hapo. Hivyo vitatu vikitokea siku moja, hiyo ndo habari. Kimoja kimoja ni fununu.

Sehemu ambayo mimi huwa napata ukweli mapema ni kwa wachapishaji wa lugha nyingine. Kuna maonyesho ya vitabu vya watoto Bologna, Italia, yapo tangu 1964, kila majira ya kuchipua, na Oktoba kuna mengine Frankfurt, Ujerumani, humo ndo haki za tafsiri zinauzwa. Mchapishaji wa nje akishanunua anakuwa na orodha yake na ratiba yake, na mara nyingine hana habari kwamba kwenu ni siri kubwa. Tafuta jina la mwandishi kwenye tovuti za Kijerumani, Kiholanzi, Kiitaliano, tumia programu ya kutafsiri, utashangaa unachokikuta kimekaa hapo wazi mchana kweupe.

Angalieni pia msidanganywe na vile vya katikati, kitabu cha kupaka rangi, cha stika, cha "mwaka mmoja na wahusika wako", boksi la vitatu kwa pamoja. Vinatoka kwa sababu mtoto wa miaka saba hasubiri kama sisi, miaka mitatu kwake ni karibu nusu ya maisha yake, akirudi ana miaka kumi anataka mambo ya mapepo na mpira. Mchapishaji anajua hilo vizuri sana kwa hiyo lazima jina libaki rafuni. Mimi sivichukii, cha stika ninacho, ila mtu akisema "kitabu kipya kimethibitishwa" muulize kwanza kina hadithi au kina nafasi za kubandika stika.

Kwa wale wenye watoto, dada mmoja hapo juu kasema ameshamwambia binti yake kitakuja siku ya kuzaliwa kwake Desemba. Dada, mtafutie kingine cha kumpa siku hiyo, mapema. Huyo wa miaka sita atakumbuka ahadi hiyo kuliko wewe.

Mimi kura yangu ni hii. Kitabu kipo, hilo sina shaka, mchoraji asingekaa anachora wale wale bila mkataba. Mwaka huu hakitoki. Tangazo nalitegemea karibu na Bologna ijayo, na dukani nusu ya pili ya mwaka ujao, maana vitabu vya watoto vinapenda kutoka kabla ya msimu wa zawadi. Hadithi yenyewe nadhani haitamhusu yule mhusika mkubwa, kwenye zile rafu mdogo wake ndo yupo mbele kila ukurasa na kaka mtu anaonekana mgongo tu. Mkiona mchoraji ameanza kuonyesha rangi kabla ya mwezi ujao niiteni, nitairudisha tarehe yangu iwe mapema zaidi.