Kondoo wa sufu kwenye joto la Mombasa: kunyoa, vidonda, na swali la alpaka

SWALI: Salaam aleikum daktari. Niko Mwakirunge, shamba langu ni nusu ekari. Mwezi wa Septemba nililetewa kondoo sita wa sufu kutoka Molo, majike watano na dume mmoja, machotara wa Corriedale. Tangu kaskazi ishike wanahema mdomo wazi kuanzia saa nne asubuhi, na chakula hawagusi hadi jua litue. Jirani alijaribu kumnyoa mmoja kwa mkasi wa kushonea, akamkata mahali patatu, na kidonda cha ubavuni sasa kinanuka. Niwanyoe wote, au niache sufu iwakinge jua? Halafu mwanangu ameona alpaka kwenye simu, anataka tulete wawili.

JIBU: Waaleikum salaam mama. Anza na yule mwenye kidonda, leo hii. Kidonda kinachonuka katika joto hili mara nyingi kina mabuu ya nzi, na mabuu hula nyama usiku na mchana. Kata sufu kukizunguka kwa upana wa vidole vinne ili uone mwisho wake uko wapi. Chemsha nusu lita ya maji, tia kijiko kimoja cha chai cha chumvi, yaache yapoe, kisha osha. Toa mabuu kwa kibano, huku ukibinya kingo polepole kwa sababu mengine hujificha chini ya ngozi. Maliza kwa dawa ya kupuliza ya oksitetrasaikilini, ile ya buluu, na urudie kila siku hadi kidonda kikauke. Alfajiri, akiwa ametulia, mpime joto kwenye njia ya haja kubwa. Kondoo mzima huwa kati ya nyuzi 38.5 na 39.5 hivi. Akizidi 40, ni kazi ya daktari wa mifugo na sindano. Na hata asipozidi, muulize daktari juu ya kinga ya pepopunda, maana kondoo akishaanza kukakamaa miguu na taya ni vigumu sana kumwokoa.

Sasa sufu. Wanyoe, lakini usiwanyoe hadi ngozi. Kondoo hujipoza zaidi kwa kuhema: unyevu wa pumzi na wa ngozi hukauka hewani na kuondoka na joto. Molo hewa ni kavu na baridi, kwa hiyo sufu ya vidole vitatu haimsumbui. Hapa pwani hewa imejaa maji tayari, pumzi yake haikauki upesi, na sufu ndefu inamfungia joto mwilini. Ukimnyoa hadi ngozi nyeupe ionekane, jua la saa sita litamchoma mgongo na atapata joto zaidi ya alivyokuwa. Unachotaka ni sufu ya sentimita moja na nusu hadi mbili ibaki mwilini. Wapendao kazi safi kama ya kinyozi hawafurahii, kwa kuwa mnyama anabaki na mistari mistari, lakini kwa Mombasa hiyo ndiyo kazi nzuri.

Mkasi wa kushonea uache. Tafuta mkasi wa kunyolea kondoo, ule wa chuma kimoja kilichokunjwa nyuma kama upinde, wenye visu vya sentimita 15 hadi 17. Unaponoa, noa upande wa nje tu, ule wenye mteremko. Ukinoa bapa la ndani, visu havitakutana tena na mkasi utaanza kutafuna sufu badala ya kuikata. Mashine ya kinyozi nayo haifai, kwa sababu mafuta ya sufu huziba meno yake kabla hujamaliza bega moja. Mashine ya umeme ya kondoo ni nzuri, ila kwa wanyama sita gharama yake hairudi.

Waondolee chakula jioni ya kuamkia siku ya kazi. Maji waachie mpaka wakati wa kulala, joto hili halitaki mnyama mwenye kiu. Tumbo likijaa, ukimkalisha linasukuma mapafu, naye atapigana nawe kwa sababu hapati pumzi. Wengi hudhani ni ukorofi. Sufu nayo iwe kavu: zamisha vidole hadi ngozini, vikitoka na ubaridi wa maji ahirisha. Anza saa kumi na mbili na nusu, na saa tatu uwe umeweka mkasi chini. Jike aliyebakisha wiki sita au pungufu azae usimkalishe. Mpunguzie akiwa amesimama, mgongoni na ubavuni tu.

Mkalishe juu ya paja la nyuma, ameinamia upande kidogo, mgongo wake ukiegemea magoti yako. Akikaa wima juu ya mkia atarusha miguu, na miguu ikigusa ardhi atasimama. Wawe watu wawili, mmoja ashike kichwa. Anza kifuani, shuka tumboni, kisha ndani ya mapaja, kwa kuwa hapo ndipo pagumu na unapataka mnyama akiwa bado hajachoka. Chuchu zifunike kwa kiganja chako cha kushoto: chuchu ikikatwa, upande huo huenda usitoe maziwa tena maishani. Kwa dume, funika uume. Kisha paja la kushoto, mkia, shingo, bega la kushoto; mlaze upitishe mkasi mgongoni, umgeuze, umalizie upande wa kulia ukishuka.

Jirani yako alipokosea panaweza kuwa hapa: alivuta sufu. Ukivuta sufu, ngozi inainuka kama hema, mkasi unapita chini yake na kipande cha ngozi kinatoka pamoja na sufu. Mkono wa kushoto kazi yake ni kutandaza ngozi, si kushika sufu. Bonyeza nyuma ya mahali unapokata, ngozi inyooke, hasa shingoni penye mikunjo na kwenye nyama laini kati ya mbavu na paja. Juu ya kifundo cha mguu wa nyuma nenda kwa ncha ya mkasi, pana mshipa mnene ambao ukikatwa mguu umekwisha.

Wa kwanza atakuchukua nusu saa au zaidi. Akianza kuhema mdomo wazi, mwachie asimame kivulini, hata kama amenyolewa nusu. Hakuna ubaya wowote. Kati ya mnyama na mnyama futa visu kwa spiriti, kwa sababu majipu ya tezi husafiri kwa mkasi. Mwenye jipu mnyoe wa mwisho.

Siku tatu za kwanza wakae kivulini. Usiwaogeshe dawa ya kupe mara moja, subiri mikwaruzo ipone, wiki mbili hivi. Maji machafu ya dipu huingia kwenye majeraha. Lakini kupe watafute kwa mkono kila jioni: ndani ya masikio, chini ya mkia, kwapani, kati ya kwato. Kondoo wa nyanda za juu huenda hajawahi kukutana na kupe wa pwani wanaoleta ugonjwa wa maji moyo. Ukimwona ana homa kali, ananyanyua miguu juu kama anayevuka maji au anazunguka mahali pamoja, usingoje kesho.

Banda lenye bati bila dari ni tanuri. Ezeka makuti, na upande wa kaskazini-mashariki uache wazi upepo upite. Maji yawepo saa zote, kondoo mmoja akiwa kwenye joto hili aweza kumaliza lita nane kwa siku. Chakula kikuu wape jioni na alfajiri. Chumvi ya ng'ombe na deri mili, yaani chakula cha ng'ombe wa maziwa, wasile, kwa sababu shaba iliyomo humrundikia kondoo kwenye ini mpaka imuue.

Mvua zikianza, mfungue kope kila wiki mbili. Nyekundu ni salama. Ikipauka kama karatasi, minyoo inamnyonya damu, na dawa ipimwe kwa kilo zake halisi.

Alpaka mama, hapana. Ni mnyama wa milima ya Andes, huko Peru na Bolivia, anayeishi mita 3,500 na zaidi juu ya bahari. Wafugaji wake hujumlisha joto la Farenhaiti na asilimia ya unyevu: chini ya 120 ni salama, ikikaribia 180 mnyama yuko hatarini. Mchana wa Februari wenye nyuzi 32 za Selsiasi ni Farenhaiti 90. Unyevu ukiwa 65, jumla ni 155. Usiku ukishuka hadi 25, hizo ni 77, lakini unyevu hupanda hata 90, na jumla ni 167. Yaani usiku, ambao ndio wakati wa mnyama kupoa, haumpi nafuu. Kondoo wako nao wanabanwa na usiku huohuo, ila wao unaweza kuwasaidia kwa mkasi, na kizazi chao kwa kubadilisha dume.

Huyo wa Molo muuze, ununue dume mwekundu wa Kimaasai. Hana sufu bali nywele. Watafiti wa ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, walimlinganisha na kondoo wa aina ya Dorper huko Diani miaka ya 1990, na yeye ndiye aliyestahimili minyoo vizuri zaidi. Watoto atakaozaa na majike wako watakuwa na sufu kidogo na nguvu zaidi. Mpe mwanao kazi ya kumchagua: awe na miaka miwili hivi, meno yakutane vizuri na ufizi wa juu, kope nyekundu, na korodani mbili zinazolingana, ngumu kiasi, zisizo na uvimbe.