Mnaoanza kazi mabandani, mwandikeni ndege kabla hamjamlisha

Jumatano iliyopita nilipita mabandani kwetu, kwenye bustani ya wanyamapori huku Usa River, nikamkuta kijana wetu mpya, hajamaliza miezi mitatu tangu atoke chuo cha wanyamapori Mweka, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa anajaza rejista ya mwezi mzima. Kalamu moja, wino mmoja, mwandiko mmoja, tarehe 1 mpaka 30. Nikamuuliza wale kanga wawili waliokufa tarehe 12 wako kwenye mstari gani. Akanyamaza, kisha akasema, "Mama, nilijua nitakumbuka." Nyuma yake, kwenye kizimba cha karantini, kulikuwa na gunia linatikisika. Ndani yake kanga watatu wa porini, wameletwa na bodaboda asubuhi ileile kutoka upande wa King'ori. Aliyewaleta alishalipwa nauli na kuondoka. Jina lake hakuna aliyeliuliza.

Nampenda yule kijana. Anaamka saa kumi na moja, anaosha vyombo vya maji bila kuambiwa, na ndege wanamzoea upesi. Lakini nimefanya kazi hii miaka zaidi ya ishirini, Arusha na Moshi, na makosa haya nimeyaona yakirudiwa na kila kundi linaloingia, kana kwamba kuna mtu anayarithisha. Kwa hiyo nayaandika, msome wote, na wa mabanda ya jirani pia.

1. Rejista inaandikwa siku ileile, mbele ya kizimba, si ofisini mwisho wa mwezi. Aliyeanguliwa, aliyekufa, aliyehamishwa, aliyeletwa. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na ndege huisha upesi kuliko mali nyingine yoyote ninayoijua. Afisa wa TAWA, Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori, akija kukagua haanzi na usafi wa mabanda. Anafungua rejista, anasoma idadi, anaingia kuhesabu. Mkitofautiana kwa mmoja tu, mazungumzo yanabadilika. Amezidi? Umemtoa wapi? Amepungua? Umemuuza kwa nani?

2. Hakuna ndege anayepokelewa bila karatasi. Hapa vijana mnanichosha kabisa. Mnasema, "Mama, tungemwacha afe?" Hapana. Ndege aliyejeruhiwa piga simu TAWA au ofisi ya wanyamapori ya wilaya kwanza, eleza ulichonacho, uliza jina la anayekujibu, andika saa, halafu mpokee kwa maelekezo yao na umtenge. Kuokoa si kosa. Kosa ni kukaa naye kimya.

Tena mnasahau kwamba katika Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 neno nyara halimaanishi pembe na ngozi peke yake. Mnyama mzima, akiwa hai au amekufa, ni nyara. Yai ni nyara. Unyoya ni nyara. Kwa hiyo kanga wa King'ori aliye kwenye gunia lako bila karatasi ni nyara ya Serikali mkononi mwako, na kifungu cha 86 hakiulizi kama ulimhurumia. Makosa ya kifungu hicho huhesabiwa uhujumu uchumi, na kuna watu wamefungwa miaka 20 kwa kukutwa na nyara ambazo huenda wao waliziona kitu kidogo. Leseni ya bustani yetu inawahusu wanyama waliomo kwenye rejista yetu. Haimfuniki kila kiumbe kitakachorushwa juu ya ukuta.

3. Jina la kisayansi lisomwe kwa ndege mwenyewe, lisinakiliwe kutoka karatasi ya zamani. Hili nitalieleza kwa kirefu, kwa sababu kwangu liliua.

Mwaka 2008 nilikuwa karani wa nyaraka kwenye zizi moja la wasafirishaji wa wanyama hai hapa Arusha. Siku hizo biashara ilikuwa halali kwa wenye leseni: mgawo wa kukamata, kibali cha CITES (mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini), cheti cha afya cha daktari wa mifugo, masanduku ya vipimo vinavyokubalika na mashirika ya ndege. Ulaya ilikuwa imeshafunga mlango kwa ndege wa porini mwaka mmoja kabla, hivyo wateja walikuwa wa Ghuba na Mashariki ya Mbali, na kila mmoja alitaka mzigo wake jana. Kazi yangu ilikuwa karatasi. Niliifanya haraka, na watu walinisifu kwa haraka hiyo.

Mzigo ulikuwa shorobo 18, wale ambao watu wengi wa Pwani huwaita kulukulu. Waliletwa na mkamataji mmoja, mzee mtulivu kutoka nyanda za juu za Mbulu, aliyewabeba kwenye matenga aliyoyatandika majani ya migomba ili miguu yao isichubuke. Alikaa nao siku mbili zizini akiwakatia papai kwa mkono wake. Mimi nilikuwa na fomu ya mzigo uliotangulia, shorobo wa Livingstone, Tauraco livingstonii. Nikachukua fomu ile, nikabadilisha tarehe, idadi na jina la mteja. Jina la ndege nikaliacha. Kijani ni kijani, ushungi wenye ncha nyeupe ni ushungi wenye ncha nyeupe.

Waliokuwa kwenye matenga hawakuwa wa Livingstone. Walikuwa wa Schalow, Tauraco schalowi, ambao ndio wanaopatikana milima ile ya Mbulu na Ngorongoro. Wanafanana sana na wa Livingstone, ila ushungi wao ni mrefu zaidi, mwembamba, umechongoka kwenda mbele kama brashi ya rangi iliyolowana. Mzee yule angeniambia, kama ningemuuliza. Ndege wa kwao alikuwa anawajua kuliko mimi na kitabu changu.

Tulifika KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, Ijumaa jioni. Mkaguzi alikuwa kijana mwenye kitabu cha ndege kilichochanika jalada. Akafungua sanduku la kwanza, akatazama kibali, akatazama ndege, akageuza kurasa. Akafunga sanduku taratibu na kusema mzigo hauendi. Kibali kinasema aina moja, sandukuni kuna nyingine. Alikuwa sahihi, nami nilijua hivyo palepale.

Nilichofanya baada ya hapo ndicho kinachoniuma mpaka leo. Ningemwomba mkaguzi idhini ya kuwarudisha ndege zizini usiku uleule, mwendo wa saa moja hivi kwa gari, na nadhani angekubali. Sikuomba. Nilitaka jambo liishe bila bosi kujua kwamba kosa lilikuwa kwenye kalamu yangu. Nikaanza kupiga simu. Fulani ananijulisha kwa fulani, fulani amezima simu, ofisi iliyotoa kibali imefungwa mpaka Jumatatu. Kila nusu saa nilijiambia simu moja zaidi. Ndege ya mizigo ikaondoka. Usiku ukaingia, upepo wa uwanda wa Sanya ukaanza kupiga, na masanduku yalikuwa yamekaa kwenye sakafu ya saruji.

Shorobo anakula matunda, na matunda yanapita tumboni mwake haraka. Si kama njiwa anayeweza kukaa na punje zake kwenye gole. Papai tulilowawekea lilikuwa la safari iliyopangwa, si la usiku wa kusubiri. Saa tisa za usiku nilifungua sanduku la tatu nikamkuta mmoja amekaa chini, kichwa kimeingia mabegani. Nikamtoa. Hakupigana. Nilipomshika bawa lilifunguka lenyewe, na ndani yake likawa jekundu, wekundu ule ambao shorobo huuficha mpaka arukapo. Alikufa mkononi mwangu, macho wazi. Mpaka jua linachomoza juu ya Kilimanjaro walikuwa wamekufa 11.

Saba waliobaki nikawarudisha. Na nilipofika zizini, kabla sijanywa hata chai, nilifungua rejista nikaandika: "Vifo 11, safarini, baridi." Hakukuwa na safari. Hata baridi peke yake isingewaua. Niliandika uongo ule kwa mwandiko mzuri, nikapiga muhuri. Bosi akausoma akanipa pole.

Mkamataji alirudi wiki iliyofuata kuuliza kama ndege wake walifika salama. Sikuweza kumtazama. Nilimwambia wengine walikufa kwa baridi. Akafikiri kidogo, akasema, "Mwanangu, kule kwetu kuna baridi kuliko hapa." Akaaga, akaondoka. Hakuleta ndege tena.

Ilinichukua miezi minne kumweleza bosi ukweli, na tukarekebisha ule mstari kwa maelezo ya pembeni yenye sahihi zetu wawili. Mizoga 11 ilikuwa imeshakabidhiwa Idara ya Wanyamapori kwa maandishi, kwa sababu hata mzoga ni nyara, lakini sababu ya kifo iliyokuwa kwenye makabidhiano ilikuwa ile ile ya uongo wangu. Ndiyo maana nikikuta rejista ya mwezi imejazwa kwa kikao kimoja napandisha sauti. Si ukali tu, wanangu. Naona ule mstari wangu.

4. Herufi ya chanzo, ile inayoandikwa kwenye kibali cha CITES kuonyesha mnyama ametoka wapi. W ni aliyetoka porini. C ni aliyezalishwa kifungoni, lakini si kila kifaranga aliyeanguliwa bandani kwetu ni C, na hili mnalikosea wote, hata waliosoma. Kifaranga wa kwanza wa wazazi waliokamatwa porini kwa kawaida ni F, yaani amezaliwa kifungoni lakini hajatimiza masharti ya C. C inataka wazazi waliopandana kwenye mazingira ya kufugwa, na kundi ambalo limeshathibitika kuzaa kizazi cha pili na kuendelea, au linalotunzwa kwa njia iliyothibitika kufanya hivyo. Ukiandika C ili karatasi ionekane safi, unawasafishia njia wanaokamata porini na kusema wamefuga.

Pete nayo ivikwe kwa wakati. Pete nzima isiyo na mwanya humwingia kifaranga akiwa bado mdogo tu. Mguu ukishapanuka haiingii, na ndiyo maana mkaguzi huiamini. Pete ya kufungua na kufunga hata mwizi anaweza kuivika.

5. Mnunuzi awe na kibali chake. Leseni yetu haimlindi. Mwezi uliopita hoteli moja ya Moshi ilipiga simu ikitaka korongo taji wawili wa kutembea bustanini siku ya harusi, na binti yetu wa mapokezi akaanza kutaja bei. Nilimnyang'anya simu. Korongo taji wako kwenye orodha ya dunia ya walio hatarini kutoweka tangu 2012, na moja ya sababu ni hizohizo bustani za watu wanaotaka kupiga nao picha. Wanyamapori ni mali ya umma, wako chini ya Rais kwa niaba yetu sote. Hatuuzi kama mtu anayeuza kuku sokoni Kilombero. Bila kibali cha mnunuzi mezani, bei haitajwi.

6. Usafirishaji nje ya nchi umefungwa tangu 2016. Kila baada ya miezi michache mmoja wenu ananiletea ujumbe wa simu kwamba "wamefungua". Juni 2022 lilitoka tangazo la kuwaruhusu waliobaki na wanyama mazizini wawasafirishe kwa miezi sita, na halikumaliza hata wiki kabla ya Serikali kulisitisha. Kuna watu walikuwa wameshaagiza mbao za masanduku. Mkisikia limefunguliwa, subirini maandishi ya Wizara.

Na msishangae kwa nini watu wanatutazama kwa jicho kali huku kwetu. Novemba 2010 ndege ya kijeshi iliondoka KIA na wanyama na ndege hai zaidi ya 100, twiga wanne wakiwemo, kwenda Qatar. Kesi ilisikilizwa Moshi. Nilikuwa naenda sokoni wiki zile na mama mmoja muuza ndizi aliyekuwa anajua kazi yangu alikataa kunihudumia. Nilimwelewa. Hakuwa na namna ya kujua ni nani kati yetu anaandika ukweli.

7. Karantini siku zote zilizopangwa, vyombo tofauti, viatu tofauti, kwa sababu ya kideri, ugonjwa wa kuambukiza unaoua ndege kwa wingi.

Wale kanga watatu wa gunia nimeshawatolea taarifa, na wamepewa kizimba chao peke yao mpaka afisa aje kuamua. Jumatatu saa moja asubuhi tunahesabu kundi zima upya, mmoja mmoja, kwa namba ya pete. Yule kijana ndiye atakayeshika kalamu, nami nitashika ndege.