Maswali ya Wasomaji: Utengamao wa Ubongo kwa Waaborijini

SWALI: Mhariri, mimi ni muuguzi. Nimesikia kwamba huko Australia, Waaborijini, yaani wenyeji wa asili wa nchi hiyo, waliopata kiharusi au kuumia kichwa hupewa huduma za utengamao (za kumsaidia mgonjwa kurudisha uwezo aliopoteza) kwa ushirikiano na jamii zao. Je, jamii isiyo na wataalamu inaweza kuchangia nini katika tiba ya ubongo?

JIBU: Ndugu muuguzi, kwanza jamii hizo zina wataalamu wake: kliniki ya kwanza kuendeshwa na Waaborijini wenyewe ilifunguliwa Redfern, mjini Sydney, mwaka 1971, na nyingine nyingi zimefuata nchini humo.

Hospitali haikwepeki, kwa kuwa ndiyo inayookoa maisha katika siku za kwanza. Shida huanza baadaye. Mgonjwa wa Broome, mji wa kaskazini mwa jimbo la Australia Magharibi, anayehamishiwa Perth, makao makuu ya jimbo hilo, huwa mbali na kwao kwa zaidi ya kilomita 2,000 za barabara, tena mikononi mwa watu asiowajua. Tukikumbuka kwamba watoto wa Kiaborijini walinyang'anywa wazazi wao kwa sera za serikali hadi miaka ya 1970, na kwamba serikali kuu iliomba radhi rasmi mwaka 2008, hatuna haki ya kushangaa mzee anapoliogopa jengo la serikali na kuomba arudishwe nyumbani kabla ya wakati.

Hapo ndipo mchango wa jamii unapoonekana. Mradi mmoja wa utafiti huko Australia Magharibi, ulioongozwa na Chuo Kikuu cha Edith Cowan na kuhusisha hospitali 8, uliajiri waratibu Waaborijini waliomfuata mgonjwa kuanzia wodini hadi nyumbani, huku watumishi wa hospitali wakipewa mafunzo kuhusu utamaduni wa wagonjwa wao. Kwangu mimi, mratibu huyo ndiye moyo wa huduma yote.

Chukua mfano wa mgonjwa aliyepoteza usemi. Akionyeshwa picha na kutakiwa ataje majina ya vitu vilivyochorwa kwa Kiingereza, ambacho huenda ni lugha yake ya tatu, kimya chake hakituambii sawasawa ni kiasi gani cha ubongo kimeumia. Lakini akiketi na jamaa zake, wakasimuliana habari za uvuvi na za ukoo, mtaalamu wa tiba ya usemi aliyetulia pembeni husikia maneno yaliyobaki, na humsaidia kuyafikia yaliyopotea bila kumfedhehesha. Hata mpangilio wa kikao ni wa kuuliza, kwa sababu katika jamii kadhaa za Kiaborijini mkwe wa kiume na mama mkwe wake hawaketi pamoja wala kuzungumza ana kwa ana. Jambo kama hilo mgeni hawezi kulibuni. Ataelekezwa na wenyeji.

Ningeomba tu kwamba nafasi za waratibu ziwe ajira za kudumu ndani ya bajeti ya afya, kwa maana nafasi inayotegemea fedha za utafiti hufungwa utafiti unapokwisha, ilhali jeraha la ubongo huweza kumsumbua mtu miaka mingi.