Re: Kebo zisizo na halojeni kwa mashine ya kiwandani

Mkuu, umeuliza kama uachane na kebo za PVC kwenye mashine yako yenye mkono unaokwenda na kurudi, uweke zisizo na halojeni (kundi la kemikali kama klorini). Weka, ila usichukue yoyote tu.

PVC ikiungua hutoa gesi ya hidrojeni kloridi. Ikikutana na unyevu inageuka asidi: inachoma macho na koo, halafu inakula kadi za umeme hata kwenye paneli ambayo moto haukuifikia. Kwa hiyo dai karatasi ya vipimo na utafute viwango vya kimataifa vya upimaji, IEC 60754 (gesi ya asidi) na IEC 61034 (moshi). Alama ya jani la kijani kwenye boksi ni pambo tu.

Sasa shida iko hapa. Ganda la kawaida lisilo na halojeni huwa limejazwa unga mwingi wa madini wa kuzuia moto. Likikunjwa kutwa nzima huku limeloa mafuta, linapasuka. Sehemu inayotembea weka ganda la poliurethani, huandikwa PUR, na uhakikishe nalo halina halojeni, maana si zote. Kebo ya kubadilisha kila mara ni taka, iandikwe nini sijui.

RoHS, sheria ya Ulaya inayobana sumu kwenye vifaa vya umeme, usiiruke: madini ya risasi yasizidi 0.1%, kadimi 0.01%.

Halafu unene. Kwa mzigo uleule, ukitoka milimita za mraba 2.5 kwenda 4, umeme unaopotea kama joto kwenye kebo unapungua kwa zaidi ya theluthi. Pima kwanza kama itapita kwenye glandi, ile shingo inayobana kebo inapoingia kwenye paneli.