Maswali ya Wasomaji: Kazi na Maendeleo katika Saitometri ya Mtiririko

Tangu tulipoeleza katika safu hii namna maabara zinavyohesabu seli za damu, wasomaji wengi wametuandikia kuuliza juu ya saitometri ya mtiririko, yaani ufundi wa kupitisha seli moja moja mbele ya mwanga wa leza ili kila seli ipimwe peke yake, maelfu kwa sekunde. Wapo waliokwisha kuifanya kazi hiyo na wanaohofia kuipoteza, wapo wanaotaka kuingia, na wapo waliochanganywa na mashine mpya. Nimechagua barua nne ambazo zimebeba maswali ya wengi, na nimezijibu kwa kadiri ya uzoefu wangu wa miaka mingi mbele ya mashine hizi.

SWALI: Mheshimiwa mtaalamu, nimehudumia mashine ya kuhesabu CD4, yaani seli za kinga zinazoshambuliwa na VVU, kwa miaka tisa. Siku hizi wenye VVU huanza dawa bila kusubiri idadi ya CD4, na sampuli zimepungua kiasi kwamba mashine yetu inaweza kukaa siku nzima bila kuguswa. Je, ujuzi wangu umepitwa na wakati?

JIBU: Ndugu msomaji, wasiwasi wako una msingi. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba mtu mzima mwenye VVU aanze dawa CD4 zinapofika 350 au kupungua zaidi kwa kila mikrolita ya damu. Mwaka 2013 kiwango kikapandishwa hadi 500. Na mwaka 2015 kikaondolewa kabisa, ikawa kila aliyegundulika na VVU anastahili dawa, idadi iwe yoyote ile. Ufuatiliaji wa aliyekwisha kuanza dawa nao ukahamia kwenye kipimo cha wingi wa virusi. Ni maendeleo ya kufurahiwa na kila anayewajali wagonjwa, hata kama yamekupunguzia kazi. Hata hivyo kipimo hakikufa. Mtu mzima mwenye CD4 chini ya 200 huhesabiwa kuwa katika hatua ya juu ya ugonjwa, na matokeo hayo ndiyo yanayomsukuma tabibu kumtafutia kifua kikuu na maambukizi ya fangasi wa kriptokokasi kabla hayajamwangusha.

Lakini ningependa ujiulize ujuzi ulio nao ni upi hasa, kwa kuwa nadhani unaupunja. Ulipokuwa ukihesabu CD4, ulikuwa ukichanganya damu na kingamwili zilizobandikwa rangi zing'aazo, ukaziacha zishike protini zilizo juu ya seli, kisha mashine ikazipanga seli katika mstari mwembamba ndani ya majimaji yanayokwenda kasi, leza ikazimulika, na vigunduzi vikasoma mwanga uliotawanyika na rangi iliyorudishwa. Mwanga unaotawanyika kuelekea mbele hudokeza ukubwa wa seli, na unaotawanyika pembeni hudokeza wingi wa punje zilizomo ndani yake. Hatua hizo hizo, bila kuondoa hata moja, ndizo zinazotumika kutambua aina za lukemia na limfoma, yaani saratani za damu na za tezi za limfu, kuhesabu seli shina zenye alama ya CD34 kabla ya upandikizaji, na kukagua kama seli za kinga zilizorekebishwa kijenetiki ili kupambana na saratani zinaendelea kuishi katika damu ya mgonjwa.

Kinachobadilika ni uzito wa uamuzi. Chukua mfano wa mtoto aliyekwisha kupata awamu ya kwanza ya matibabu ya lukemia kali ya limfoblasti. Kwa hadubini uboho wake unaweza kuonekana safi, ilhali daktari anataka kujua kama kuna seli moja ya saratani katika kila seli 10,000, yaani asilimia 0.01, kwa sababu kiwango hicho huamua kama matibabu yaongezwe makali. Ukisoma seli 100,000 tu, unatarajia kuona seli 10 za ugonjwa, ambazo ni rahisi kuzichanganya na uchafu. Ukisoma 1,000,000, unatarajia 100, ambazo hukusanyika pamoja kwenye mchoro, ambako kila seli ni nukta, na kuonekana kama kundi halisi. Aliyezoea mashine ya CD4, ambayo mara nyingi huchora mipaka ya makundi yenyewe, itambidi ajifunze kuichora kwa mkono wake na kuitetea mbele ya daktari. Hilo lina mafunzo yake, na hayaishi kwa wiki mbili. Muungano wa maabara za Ulaya uitwao EuroFlow, ulioanza mwaka 2006, umetangaza taratibu zake za kutayarisha sampuli na kurekebisha mashine kwa hatua zilizoandikwa moja baada ya nyingine, na kwa maoni yangu hakuna mlango bora kuliko huo kwa mtu mwenye msingi kama wako. Anza na lukemia kabla ya limfoma, na usiache kusoma mofolojia ya uboho, yaani maumbo ya seli zake kwa hadubini, maana anayetazama nukta bila kuijua sura ya seli yenyewe hupotea mapema.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili wa biolojia. Nimevutiwa na fani hii, lakini sioni shahada yoyote yenye jina hilo. Watu huingiaje, na wanaajiriwa wapi?

JIBU: Mwanangu, hujakosea: shahada yenye jina hilo ni adimu sana, na sababu yake imo katika historia ya fani yenyewe. Kifaa hiki hakikubuniwa na taaluma moja. Wallace Coulter, aliyesomea uhandisi wa umeme, alipewa mwaka 1953 hataza ya kuhesabu chembe kwa namna zinavyobadilisha mkondo wa umeme zinapopenya kwenye tundu dogo. Mwaka 1965 Mack Fulwyler wa maabara ya Los Alamos, Marekani, alitangaza mashine ya kutenganisha seli, akitumia mbinu ya matone yenye chaji ambayo Richard Sweet alikuwa ameibuni kwa ajili ya kuandika kwa wino. Wolfgang Göhde wa Münster, Ujerumani, akaleta kipimo cha rangi zing'aazo mwaka 1968, na Leonard Herzenberg pamoja na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford wakaunganisha rangi na utenganishaji katika mashine moja. Kisha mwaka 1975 Georges Köhler na César Milstein wakaonyesha njia ya kutengeneza kingamwili za aina moja kwa wingi, na hapo ndipo mashine ilipopata cha kuitambulishia seli. Fani iliyolelewa na wahandisi, wanafizikia na wataalamu wa kinga haiwezi kudaiwa na idara moja, na ndiyo maana milango yake ni mingi.

Wengi huingia kwa shahada ya sayansi ya maabara, biolojia, kinga au baiokemia, kisha hufundishwa kazini. Hospitalini utapima wagonjwa, na huko cheti cha taaluma huhitajika. Chama cha wanapatholojia cha Marekani, American Society for Clinical Pathology, kina cheti mahsusi cha saitometri. Katika vyuo na taasisi za utafiti zipo maabara za pamoja, ambako mtu mmoja au wachache hutunza mashine zinazotumiwa na makundi mengi ya watafiti. Kazi hiyo hudai subira ya mwalimu, kwa kuwa sehemu kubwa ya siku hutumika kumwelewesha mtu kwa nini jaribio lake halikufaa. Viwanda vya dawa na vya vitendanishi huajiri pia, na watengenezaji wa mashine huhitaji mafundi wa kuzitengeneza na wataalamu wa kuzifundisha. Tena usidhani yote ni damu. Mwaka 1988 Sallie Chisholm, Robert Olson na wenzao walitangaza kuwapo kwa Prochlorococcus, kiumbe mdogo mno afanyaye usanisinuru baharini, na walimwona kwa sababu saitomita iliyopakiwa melini ilionyesha mng'ao mwekundu ambao hadubini za kawaida zilikuwa zikiukosa.

Nikuachie na jambo lililonifunza zaidi kuliko darasa lolote. Katika maabara ya kwanza niliyofanya kazi, niliona siku moja kundi la seli lenye alama ambazo hazipaswi kukaa pamoja, nikaamini nimegundua jambo jipya, nikawaita wakubwa zangu. Zilikuwa seli mfu. Seli ikifa, utando wake huvuja na hunata kingamwili za kila aina, na mimi nilikuwa nimeacha kuweka rangi ya kutenga zilizo hai na zilizokufa kwa sababu niliona ni hatua ya ziada. Tangu siku hiyo sampuli isiyo na rangi hiyo siisomi, na vidhibiti, yaani sampuli za kulinganishia, huviandaa kabla ya sampuli yenyewe. Ukipata nafasi ya mafunzo kwa vitendo, omba ufundishwe vidhibiti kwanza. Waajiri wazuri humtambua kijana wa namna hiyo katika dakika kumi za usaili.

SWALI: Maabara yetu inapokea mashine ya aina ya spektra. Je, yote niliyojifunza kuhusu kufidia mwingiliano wa rangi nisahau?

JIBU: Usisahau hata kidogo. Mashine ya kawaida huipa kila rangi kigunduzi chake na kuondoa kwa hesabu mwanga unaomwagikia kwa jirani, kama ule wa fluoresini, ambao kilele chake kiko karibu na nanomita 520 lakini mkia wake hufika kwenye eneo la fikoeritrini, rangi nyingine ing'aayo. Mashine ya spektra husoma mwanga wa kila rangi katika vigunduzi vyote, kisha hutenganisha rangi kwa kulinganisha maumbo yake kamili. Kwa njia hiyo rangi mbili zenye vilele vinavyokaribiana zinaweza kutumika pamoja, na ndiyo iliyowezesha paneli, yaani seti ya rangi za kupima pamoja, ya rangi 40 iliyochapishwa mwaka 2020. Lakini hesabu hiyo husimama juu ya sampuli za rangi moja moja, na zikitayarishwa ovyo, kosa huenea katika rangi zote badala ya kubaki kati ya mbili. Mashine mpya inakudai uangalifu zaidi kuliko ile ya zamani, na anayekuambia kwamba itakupumzisha anakupotosha.

SWALI: Mimi ni mwandishi wa programu, sina historia ya maabara. Nasikia uchambuzi wa data za saitometri unatafuta watu. Je, kuna nafasi yangu, na nianzie wapi bila mashine?

JIBU: Nafasi ipo, na ni ya kweli. Kwa desturi mchambuzi hutazama vipimo viwili viwili kwenye mchoro na kuzungushia mpaka kundi analolitaka. Kwa rangi 4 michoro yote iwezekanayo ni 6. Kwa rangi 40 ni 780, na hakuna jicho la mwanadamu linaloweza kuipitia kwa haki katika kila sampuli ya utafiti wenye mamia ya washiriki. Ndiyo sababu mbinu kama t-SNE ya mwaka 2008, inayoonyesha data zenye vipimo vingi kwenye ramani bapa, na FlowSOM ya mwaka 2015, inayokusanya seli zinazofanana katika makundi, zimekuwa vifaa vya kila siku. Nyingi zinapatikana bure katika lugha za R na Python, na data huhifadhiwa katika faili za FCS, muundo uliowekwa mara ya kwanza mwaka 1984 na kuboreshwa mara kadhaa baadaye. Zipo hazina za wazi ambako watafiti huweka faili zao, kwa hiyo unaweza kupakua data za utafiti uliokwisha kuchapishwa na kujaribu kupata matokeo yale yale bila kuwa na mashine.

Utakapofanya hivyo utakutana na tatizo ambalo vitabu vya takwimu havilizingatii vya kutosha: sampuli zilizosomwa siku mbili tofauti hutofautiana hata kama damu ni ya mtu mmoja. Leza imechuja nguvu kidogo, rangi iliyounganishwa kwa nyingine imeachana kwa sababu ilikaa kwenye mwanga, mapovu ya hewa yamepita katikati ya usomaji. Programu isiyoyajua hayo itayatangaza kuwa kundi jipya la seli, na mtafiti mwenye haraka ataliamini. Nimekwisha kuona ramani za rangi za kupendeza ambazo kisiwa chake kikubwa kilikuwa ni seli mbili zilizogandana na kupita mbele ya leza kama moja. Wenye hesabu nzuri ni wengi kuliko wenye hesabu nzuri wanaolijua jambo hili, na pengo hilo ndilo nafasi yako.

Kwa hiyo nenda kwenye maabara yoyote iliyo na saitomita, omba kukaa siku nzima kando ya mtu anayetayarisha sampuli, tangu anapopokea bomba la damu hadi anapofunga faili ya mwisho. Andika kila jambo analolirekebisha kwa mkono, na muulize ni hatua ipi inayomchosha kuliko zote. Programu yako ya kwanza ianzie kwenye hatua hiyo.